Hema Lililoota Mizizi Bwera

Alhamisi moja ya Oktoba, mwaka 2014, Alisi alikuwa amepiga magoti uani kwake Bwera, anageuza kahawa kwenye turubai na kuchambua iliyooza, wakati gari la Shirika la Utepe lilipoingia uwanja wa mpira ulio ng'ambo tu ya ua wake. Gari lile liliteremsha viti vya plastiki, spika kubwa, maboksi ya fulana za pinki, na hema. Hema nalo lilikuwa la pinki. Vigingi vyake vilikuwa vimesahaulika Kasese.

Afande Tsongo, mlinzi aliyeajiriwa asubuhi ileile, alikuwa askari zamani na hakupenda kuona kitu kimekosa kigingi. Alichukua panga, akaenda kwenye ua wa Alisi, akakata matawi ya mutoma bila kuomba, akayachonga ncha, akayapigilia ardhini kwa jiwe. Watu wa Bwera wanaujua mutoma. Ndio mti wa kuzungushia ua, kwa sababu kijiti chake ukikichomeka wakati wa mvua kinashika, hata ukikichomeka kichwa chini. Alisi alimwona anakata, na angeweza kusema neno. Lakini mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye migomba, na kahawa ilikuwa bado mbichi. Akakunja turubai lake pembe nne, akalibeba mgongoni, akakimbilia chini ya hema pamoja na matone ya kwanza.

Hivyo ndivyo alivyojikuta kwenye kiti cha mbele kabisa.

Mbele yao alisimama Sista Hasifa, muuguzi kijana wa shirika, ameshika titi la kufumwa kwa uzi, limejazwa pamba, na ndani yake mmeshonewa ushanga.

"Bamama, karibuni," alisema. "Hii ni titi. Musicheke."

Walicheka.

"Sista, hiyo ilifumwa na nani?" aliuliza Mastula, muuza vitenge wa mpakani Mpondwe, rafiki wa Alisi tangu wote wawili wakiwa wasichana. "Inasimama vizuri kuliko yangu. Ya kwangu ilishasalimia magoti."

"Hajati, wacha mutoto wa watu afanye kazi," Alisi alimwambia, akifuta machozi ya kicheko.

Hasifa naye alicheka, kisha akawafundisha. Vidole vitatu, vimelala, vinazunguka kuanzia nje kwenda ndani, kama mtu anayetafuta kijiwe kwenye unga. Titi la uzi lilipita mkono kwa mkono, na kila mama aliupata ule ushanga, akatikisa kichwa. Halafu akawaambia kila mtu aingize mkono kwenye blauzi yake mwenyewe. Hema likanyamaza. Nje mvua ilikuwa inapiga, na mwanga wa ndani ulikuwa wa pinki, laini, kama ule unaouona ukifumba macho mbele ya jua.

Alisi alipata punje ya kahawa. Alidhani imemwangukia kifuani wakati alipoinama na turubai, akataka kuitoa. Akaisukuma huku, akaisukuma kule. Ndipo alipojua kwamba iko upande wa pili wa ngozi.

"Sista," alisema, "ya kwangu iko na ushanga."

Hasifa alipapasa, akapapasa tena. Alisema kwamba hili ni la dokita; dokita ndiye anakata kipande kidogo, anakipima, anajua kama ni kansa au siyo, na kama ni kansa anaiondoa ingali ndogo. Akamwita mkubwa wake. Madamu Lanyero, mkuu wa shirika, alikuwa mwanamke mrefu wa kutoka Acholi, na mama yake mzazi alikuwa amekufa kwa ugonjwa huu huu. Alimshika Alisi mikono yote miwili.

"Mama, umewahi," alisema. "Umewahi sana. Usijisumbue na safari ya Kampala, ukalale kwenye veranda za watu. Tunamleta daktari hapahapa, chini ya hema hili. Nakuapia."

Alikuwa anasema kweli, na macho yake yalilowa. Akampa Alisi fulana.

Mvua ilinyesha wiki nzima. Watu wa shirika waliporudi kung'oa hema, vigingi vilikataa. Vilikuwa vimetoa majani. Afande Tsongo alivuta kimoja kwa nguvu zake zote, na kitambaa cha hema kikatetemeka juu mpaka chini, kama ngozi ya ng'ombe inavyotetemeka akitua nzi.

"Hii imeshika," Tsongo alisema.

"Basi ibaki," alisema Madamu Lanyero. "Afadhali. Watu watajua tuko."

Hema likabaki, likakua. Mvua ililikuza, lakini hotuba zililikuza zaidi. Siku alipokuja mgeni wa ng'ambo akatoa hundi kubwa kama mlango, kitambaa kilisogea mbele kabla makofi hayajaisha. Siku mheshimiwa mmoja alipoahidi kwamba yuko pamoja na akina mama, hema liliruka barabara. Lilikuwa linatambaa kama mmea wa boga, linatoa vyumba ubavuni kama mmea huo unavyotoa majani. Kiliota chumba cha fulana. Kiliota chumba cha kupigia picha, na cha kwaya, na cha wageni kunywa soda, na kimoja kirefu ambacho kazi yake ilikuwa kushukuru. Chumba cha dokita hakikuwa kimeota.

Kila Jumatatu Alisi alivuka ua kwenda kuuliza.

"Simama hapo!" Afande Tsongo alimwambia. "Usitingishike. Nakwenda kuangalia."

Viatu vyake vilisikika vinakwenda mbali, chumba baada ya chumba, kisha vinarudi.

"Hapana, mama. Ile ya dokita haijatoka. Leo imetoka ingine ya fulana."

"Na wiki ijayo?"

"Wiki ijayo rudi. Sasa geuka, kwenda nyumbani! Salimia muzee."

Mzee ni Ezironi, mume wa Alisi. Alikuwa mtu wa kanisa na wa maneno machache, na fulana ile ya pinki alikuwa anaivaa kupogolea mibuni, maana kitambaa chake kilikuwa kizuri. "Yule madamu aliapa," alisema kila Alisi aliporudi. "Nilimutazama usoni. Haiko mwongo." Na kweli hakuwa mwongo. Alisi alikwenda pia kituo cha afya. Huko walimwambia kwa adabu kwamba mambo ya matiti yote yalihamia kwenye hema, na faili zake zilikwenda huko, na hata kile kiti cha kuchunguzia kilikwenda huko. Walikuwa wamekipeleka kwa chumba cha picha.

Watu walilizoea hema. Harusi zilifungwa ndani yake, kwa padri na kwa sheikh. Kuku wa Bwera walianza kutaga mayai yenye weupe uliochanganyika na pinki kidogo, na wafanyabiashara kutoka upande wa Kongo waliyapenda kwa sababu hayakuvunjika haraka. Shida ilikuwa kahawa. Kahawa haikauki kwenye mwanga ule. Inabaki laini, inanuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Kwa hiyo Alisi alikuwa anabeba turubai lake kwenda kutafuta jua ukingoni mwa hema, na ukingo kila msimu ulikuwa umesogea. Mwanzo ulikuwa nyuma ya shule. Halafu ukawa mtoni. Halafu akawa anaondoka alfajiri na kufika jua likiwa limeshapanda, na mkono wake wa kushoto hauinuki tena vizuri, kwa sababu punje nayo haikuwa punje. Ilikuwa kokwa la avokado, na ngozi juu yake imeingia ndani kidogo, kama shavu la mtu anayefyonza muwa.

"Mama Immy," Mastula alimwambia Alisi siku moja ya Julai, wamekaa juu ya furushi la vitenge, "tuitafute siye wenyewe. Tsongo anafika wapi? Anafika kwa kwaya, anakaa kusikiliza, anarudi. Kama ile chumba iko, iko mbele."

"Na duka yako?"

"Duka haiko na ushanga. Simama."

Siraje, mume wa Mastula, alikuwa na lori la kubeba kahawa na angeweza kuwapeleka. Lakini lori linapita barabarani, na ukiwa barabarani huwezi kuchungulia kila chumba. Wakaenda kwa miguu, kwa ndani.

Walitembea kwenye ule mwanga. Miguu haikuchoka sana, kwa sababu chini ya hema majani yalikuwa yameota laini kama nywele za mtoto. Kila walipoingia chumba kipya walikuta mtu amesimama na jagi na beseni. Aliwanawisha mikono, akawafunga utepe kwenye kifundo cha mkono, akawaambia, "Asanteni kwa kuwahi." Walipomuuliza dokita, alionyesha mbele kwa kidevu. Waliingia mbugani bila kujua saa ngapi, kwa kuwa hema lilikuwa limepita juu ya mbuga pia. Swala walikuwa wanakula majani, pinki mgongoni. Tembo mmoja alikuwa amelala amesimama, na pembe yake ilikuwa imefungwa utepe. Walimzunguka taratibu.

"Hata huyu walimufundisha," alinong'ona Mastula.

"Nyamaza, ataamuka akuombe fulana."

Walipita mahali ambapo dunia inagawanyika katikati, kwenye mstari wa ikweta, pale Kikorongo, na hema halikuwa limeshonwa upya hapo. Lilikuwa kitambaa kimoja. Walilala, wakaamka, mwanga ulikuwa uleule. Kasese waliikuta yote iko ndani, pamoja na stesheni ambayo treni haiji tena. Kwenye stesheni kulikuwa na chumba kikubwa chenye mabenchi, na kwenye mabenchi walikaa wanawake waliokufa.

Walikuwa wale waliokufa kwa ugonjwa huu kabla haujapata jina huku kwetu. Wengine walivaa magunia na magome ya mti kama watu wa zamani, wengine gomesi zenye mabega makali, na juu ya kila vazi shirika lilikuwa limewavalisha fulana. Walikaa kwa adabu, mikono mapajani. Benchi la tatu Alisi alimwona shangazi yake, dada wa baba, ambaye alikufa Alisi akiwa mtoto, amefungiwa chumba cha nyuma kwa sababu ya harufu, na mke mwenzake akafukuzwa kijijini kwa uchawi.

Alisi alipiga magoti akamsalimia. Shangazi alimpokea salamu, akamtazama kifua.

"Na wewe?"

"Na mimi, shangazi."

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Yangu ilikuwa kulia." Shangazi akasogeza fulana, ambayo ilikuwa ndogo kwake. "Sisi tulisema ni uchawi. Tulimufukuza mutu wa bure. Nyinyi mna bahati, munajua jina yake. Huyu mutoto muuguzi wa hapa anatufundisha kila siku. Kansa. Tunaisema sisi wote pamoja."

"Dokita alipita hapa?"

"Tungali tunamungoja," alisema shangazi. "Ukimukuta mbele, mwambie siye hatuna haraka, aanze na nyinyi."

Mastula aligawa biskuti alizokuwa nazo. Wale wanawake walizipokea kwa mikono miwili, wakaziweka mapajani, hawakula. Kisha wawili wale wakaaga, wakaendelea.

Hema lilikwisha Hima. Pale kiwandani vumbi la saruji lilikuwa limekaa juu ya kitambaa mpaka pinki ikawa kijivu, na pindo lilikuwa limeshikana gumu kama sufuria iliyoungua. Nje kidogo malori yalikuwa yananguruma kwenda Fort Portal. Chumba cha mwisho kilikuwa kidogo na safi. Kulikuwa na meza. Nyuma ya meza alisimama muuguzi ambaye hawakumjua, ameshika titi la kufumwa kwa uzi.

"Bamama, karibuni," alisema. "Hii ni titi. Musicheke."

Alisi na Mastula walitazamana. Lakini kumwachia mtu kazi yake katikati si adabu, kwa hiyo walikaa. Walifundishwa vidole vitatu, vimelala, kutoka nje kwenda ndani. Walipata ushanga. Walishangiliwa. Kisha wakainua pindo la hema, wakatoka, na Alisi akaona mbingu ya bluu, akakumbuka kwamba ipo. Walimpigia simu Siraje. Alikuja na lori akawakuta wamekaa ukingoni mwa barabara, weupe kwa saruji kama watu waliopakwa unga kwa sikukuu.

"Mulimupata?" aliuliza Siraje.

"Tulipata somo," Mastula alimjibu. "Endesha."

Walipofika Bwera, walikuta kuna tatizo. Titi la uzi la Sista Hasifa lilikuwa limeisha. Mikono mingi mno ilikuwa imepita juu yake. Uzi ulifumuka, pamba ikatoka, ushanga ukaanguka majanini na kuku akauokota. Shirika liliagiza jingine, na jingine lilikuwa njiani pamoja na dokita. Wakati huo wanawake walikuwa wanakuja kutoka Bulembia, kutoka milimani, kutoka ng'ambo ya mpaka, wametembea na watoto mgongoni ili wafundishwe, na Hasifa hakuwa na cha kuwashikisha. Alikaa karibu na Alisi, akatazama vidole vyake mwenyewe.

"Mama Immy," alisema, "naona haya kukuomba."

"Omba tu, mwanangu."

"Ya kwako... iko wazi sana. Mutu akiigusa hawezi kusahau."

Alisi alifikiri kidogo. "Nao wapate joto ya mukono," alisema. "Wakinawa na maji ya baridi sikubali."

Tangu siku hiyo alikaa kwenye benchi, chumba cha kwanza kabisa, blauzi yake imefunguliwa upande mmoja, na foleni ilianza mlangoni. Wanawake walinawa maji ya vuguvugu, wakamsalimia, wakaulizia watoto na mibuni, wakaweka vidole vitatu. "Zunguka," aliwaambia. "Usibonyeze kama unabonyeza parachichi ya sokoni. Hapo. Umeiona? Ni hiyo. Sasa nenda ukatafute ya kwako, na Mungu asikuonyeshe." Walimshukuru. Wengine walilia, naye aliwapiga piga mgongoni. Hakuna mwanamke aliyetoka pale bila kujua. Kutoka Mpondwe mpaka Ibanda ulisikia watu wakisema kwamba Bwera kuna mwalimu, na wengi walipata mambo yao mapema sana, na walipoyapata walirudi kwake kumwambia, wakakaa kando kumsubiri dokita.

Madamu Lanyero alikuja na wapiga picha. Uso wa Alisi ulichapwa kwenye kitambaa juu ya mlango, mkubwa kuliko nyumba yake, na wiki ile hema lilipanda mpaka Ibanda, hadi pale watu wanapoanzia kupanda mlima.

Wapiga picha walipokwenda kunywa soda, Alisi alimuuliza. Hakumuuliza kwa ukali.

"Madamu, yule dokita."

Madamu Lanyero alikaa kwenye benchi. Alikuwa amekonda tangu mwaka ule wa kwanza. "Mama," alisema, "kila tunachopewa kinaingia kwenye hema. Naomba cha daktari, wanatoa, na asubuhi nakuta hema limekula, limeota chumba. Wanaotoa wanataka kuona. Hema wanaliona hata kwenye ndege. Daktari na kisu chake nitampigaje picha?"

"Hatuwezi kuikata hii hema?"

"Tulijaribu. Inatoka mahali pengine."

Alisi alijua hiyo ni kweli. Alikuwa amelima na mutoma maisha yake yote. Madamu Lanyero aliweka kichwa chake begani mwa Alisi, bega la kulia lisilouma, akakaa hivyo mpaka walipokuja kumwita kwa hotuba.

Immy, binti wa kwanza wa Alisi, alikuwa ameolewa Kasese na alikuwa anashona nguo za shule. Alikuja likizo ya Desemba na mtoto mgongoni. Alimkuta mama yake kazini, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na watu walikuwa wametoka mbali, hakutaka kupita mbele. Alisimama nyuma kama wenzake. Alipofika alinawa, akapiga magoti, akasalimia.

"Umenenepa," Alisi alisema kwa furaha.

"Mama, ni mutoto ananinenepesha."

"Haya, weka. Vidole tatu."

Immy aliweka. Alizunguka kutoka nje kwenda ndani, akafika, akainamisha uso. "Pole, mama," alisema. "Sikujua ni kubwa hivi."

"Inafundisha vizuri. Sasa yako."

Immy alimhamishia mtoto mkono mwingine, akaingiza mkono kwenye blauzi. Mkono ulikuwa unaonekana chini ya kitambaa, unazunguka polepole, unakwenda, unakwenda, kama mtu anayepiga pasi. Halafu ukasimama.

"Labda ni maziwa," Immy alisema.

Alisi aliweka mkono wake juu ya mkono wa binti yake. Alikuwa amenyonyesha mwenyewe, na maziwa alikuwa anayajua.

Alisogea kwenye benchi, akafuta nafasi kwa kanga yake, na Immy akakaa kando yake, mtoto mapajani. Juu yao kitambaa kilijinyoosha kidogo, bila kelele.

Mama aliyefuata kwenye foleni, mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka, alikuwa ameshanawa na alikuwa anakausha mikono kwenye sketi. Aliwatazama wawili wale waliofanana nyuso, akainama kwa heshima.

"Samahani, bamama," aliuliza. "Nianze na nani?"

"Anza na mimi," Alisi alisema, akifungua blauzi. "Ya mutoto ingali changa. Hiyo utaitafuta polepole."